Jike Hatoki Blaen-nant

Siku tulipomzika Idwal, mhubiri alisimama mbele ya jeneza akasema marehemu alikuwa mtu aliyependa mbwa. Nilikuwa nimekaa safu ya pili, koti langu jeusi likinibana kwapani, na nusura niinuke nimjibu. Kupenda mbwa! Mwanamke wa mjini mwenye kijibwa cha kupakata ndiye anayependa mbwa. Idwal sikumwona hata mara moja akimpapasa mbwa mbele ya watu. Alichokipenda ni Nel, na Nel hakuwa mbwa mmoja.

Kila mbwa jike wa Blaen-nant, shamba la Idwal, aliitwa Nel. Akizeeka Nel, binti yake aliyebakizwa huitwa Nel, na mama huitwa Nel Mkubwa mpaka afe. Ilikuwa hivyo tangu babu wa babu yake Idwal, aliyeswaga ng'ombe kwa miguu kutoka milima yetu ya Wales hadi minada ya Uingereza, safari ya wiki tatu, na akifika humwambia mbwa aende nyumbani, naye hurudi peke yake. Idwal aliipokea damu hiyo ya kina Nel kwa baba yake akiwa na miaka ishirini na minane. Alikuwa na jambo moja tu duniani alilolitaka, isije ikamfia mikononi.

Mimi ni Nesta wa shamba la chini. Kati yetu ni ukuta wa mawe tu. Mume wangu alifariki nikiwa na miaka thelathini na minne, na wiki iliyofuata Idwal akaruka ukuta na Nel wake, akanikusanyia kondoo wangu mlimani, akawaingiza zizini, akaondoka. Akafanya hivyo miaka thelathini na mitatu. Hakuoa. Watu sokoni walikuwa wakimtania: "Idwal, utaoa lini?" Naye hujibu, "Nel akinipa ruhusa." Wengine walisema ananitaka mimi ila ni domo zege. Sijui. Kama alinitaka, alipata nafasi elfu moja za kusema akiwa jikoni kwangu, na kila mara alisema habari za kondoo.

Mbwa wenyewe walikuwa wekundu, kola nyeupe shingoni, mkia juu kama mpini wa jembe. Siku hizi ukienda kwenye mashindano ya mbwa wa kondoo utaona mbwa weusi wanaotambaa kwa tumbo, kimya, wakimkodolea kondoo macho mpaka agande. Wanapendeza, sikatai. Lakini Nel hakutambaa. Alisimama wima, akabweka, akawatoa kondoo magengeni kwa sauti yake, akawaswaga taratibu kutoka nyuma. Hakuhitaji mbinja wala kelele. Ulimwonyesha mlima kwa mkono, ukaenda kunywa chai. Na kulikuwa na jambo moja alilofanya ambalo sijaona kwa mbwa mwingine: kondoo kilema akibaki nyuma, Nel alirudi akamsubiri. Alikaa chini kando yake mpaka apumue, kisha wakaja pamoja. Hakuna aliyewahi kumfundisha. Idwal alikuwa akisema hayo ndiyo Blaen-nant yenyewe, mengine hata mbwa wa jirani anaweza.

Sheria za nyumba ile zilikuwa mbili. Ya kwanza, madume hutolewa bure kwa majirani, lakini jike hatoki Blaen-nant. Ya pili ilihusu kaakaa. Watoto wa mbwa wakifikisha siku tatu, Idwal aliwachukua mmoja mmoja mlangoni penye mwanga, akawafungua mdomo kwa kidole gumba, akatazama juu. Kaakaa jeusi, mbwa wa kazi. Kaakaa jekundu, bure. Jike mmoja mwenye kaakaa jeusi alibakizwa, na dume mmoja au wawili kama kuna jirani aliyeomba. Waliobaki waliingia kwenye ndoo ya maji. Ilikuwa ndoo ya bati, imetundikwa kwenye msumari wake ghalani, na haikutumika kwa kazi nyingine yoyote. Nisije nikamfanya mtu mbaya mbele yenu. Bonde zima lilifanya hivyo enzi zile, na bonde zima liliamini habari ya kaakaa. Baba yangu pia.

Mwaka mmoja baada ya mume wangu kufa nilimwomba jike.

"Idwal, nipe binti mmoja. Nitamlea vizuri, unanijua."

"Dume nitakupa."

"Dume sitaki. Nataka nami niwe na wangu."

"Jike hatoki Blaen-nant, Nesta."

"Hata kuvuka ukuta? Ukuta wenyewe nusu wangu."

"Hata kuvuka ukuta."

Nilimnunia mwezi mzima. Aliendelea kuja kunikusanyia kondoo kama kawaida na wala hakugundua kwamba nimenuna, jambo lililoniudhi kuliko lile la kwanza.

Miaka ishirini na miwili iliyopita, mwezi wa nne, dume la kondoo lilimpiga Idwal kwenye geti, likamvunja paja. Alilazwa hospitali wiki sita. Nel alikuwa na mimba, akazaa siku ya nne baada ya ajali, watoto sita. Nilimpigia simu wodini.

"Majike wangapi?" akauliza.

"Watatu."

"Siku ya tatu uwatazame. Mwenye kaakaa jeusi mbakize. Madume hakuna aliyeomba mwaka huu. Waliobaki, ndoo unajua ilipo."

"Idwal, mimi siwezi."

"Nesta, nikuombe nani mwingine?"

Nikajikaza. Siku ya tatu nikawafungua midomo mlangoni kama alivyokuwa akifanya yeye. Jike mmoja tu ndiye aliyekuwa na kaakaa jeusi, jeusi tii. Nikamrudisha kwa mama yake. Nikajaza ndoo maji. Sitaki kusimulia yaliyofuata, ila wanne niliwamaliza, na wa tano alikuwa jike mwenye kaakaa jekundu. Nilipomshika juu ya maji alinibwekea. Siku tatu tu, macho hayajafunguka, na alibweka. Nikamtia ndani ya blauzi, nikamrudisha kwa mama yake pamoja na mwenzake, na alipoanza kula mwenyewe, siku chache kabla Idwal hajaruhusiwa, nikampeleka kwa dada yangu Eirwen, ng'ambo ya mlima.

"Mbwa wa nani huyu?" Eirwen akauliza.

"Mbwa tu. Usiniulize maswali."

Idwal akarudi na magongo. Akamtazama yule jike wa kaakaa jeusi, akaridhika.

"Na wengine?"

"Niliwazamisha," nikasema.

Kesho yake aliniletea mguu mzima wa kondoo, wa shukrani. Niliuoka na viazi, nikautengenezea mchuzi wa mnanaa, nikaula wote. Mpaka leo nikisikia harufu ya mnanaa nasikia aibu.

Ningemwambia wakati ule angenifokea, tungenuniana, yangeisha. Lakini kila mwaka uliopita ulizidisha ugumu. Mwanzoni nilikuwa nimeficha kijibwa kimoja. Baadaye nilikuwa nimemdanganya mtu aliyeniamini kwa miaka kumi, halafu kumi na mitano. Eirwen akinipigia simu kunisimulia vituko vya mbwa wao, nilikuwa nikibadilisha mazungumzo.

Na huku damu ya Blaen-nant ikizidi kukauka. Majirani waliokuwa na madume ya aina ile, mmoja aliuza shamba, mwingine akafa, wengine wakanunua mbwa wa mashindano na pikipiki za magurudumu manne. Siku ya kukusanya kondoo, tunapopanda mlima bonde zima kwa pamoja, Nel alibaki peke yake anayebweka. Vijana walikuwa wakicheka. "Mzee, zima redio yako!" Jioni mbwa wao wa mashindano walikuwa wamelala hoi, na Nel ndiye aliyetumwa kutafuta kondoo waliosahauliwa.

Miaka tisa iliyopita alikuja msichana mmoja na karatasi. Yeye na wenzake walikuwa wakizunguka mashambani kutafuta mbwa wa zamani waliosalia, ili wawaandike na kuwakutanisha majike na madume wasio ndugu. Nilikuwepo, nilikuwa nimepeleka mkate wa zabibu.

"Jina la mbwa?" akauliza.

"Nel."

"Jina la mama yake?"

"Nel."

Msichana akaandika. "Na bibi yake?"

"Wewe unaonaje?" Idwal akamwambia, na hata yeye akatabasamu.

Lakini msichana alipomwambia kwamba jike mmoja shamba moja ni hatari, kwamba ni bora atoe binti mmoja au wawili kwa watu wengine wa kuaminika, tabasamu likakatika. Alimjibu kama alivyonijibu mimi. Msichana akanigeukia, labda akitumaini nitamuunga mkono. Neno lilinijia mpaka mdomoni. Nikasema, "Chukua kipande kingine cha mkate."

Basi ikabaki Nel mmoja, na dume mmoja wa kufaa upande wa pili wa bonde, mzee na kiziwi. Walipandishwa mara mbili. Mara ya kwanza hakushika mimba. Mara ya pili walizaliwa wawili, wote wamekufa. Idwal aliwafungua midomo hivyohivyo. Mmoja alikuwa jike mwenye kaakaa jeusi. Alimweka mfukoni mwa koti akatembea naye siku nzima.

Mwaka jana mwezi wa tisa Nel akaanza kunywa maji kupita kiasi na kutokwa usaha. Nilimwendesha Idwal na mbwa wake hadi kwa daktari wa mifugo. Daktari, mwanamke mpole, akatueleza kwamba kizazi kimeoza. Aking'oa kizazi, mbwa atapona. Asipong'oa, mbwa atakufa kabla ya Jumapili.

"Huwezi kumsafisha tu?" Idwal akauliza.

"Hapana, mzee. Ningeweza ningefanya."

Akakaa kwenye kiti, kofia mkononi, akiizungusha. Mtu wa miaka themanini na mmoja. Kisha akasema, "Ng'oa."

Njiani kurudi, Nel amelala nyuma tumbo limenyolewa, Idwal alitazama nje ya dirisha. Tulipofika getini akasema, "Basi. Mimi ndiye niliyeimaliza." Hakuwa akizungumza na mimi.

Sikulala vizuri, na asubuhi nikaamua. Lakini sikutaka nimwendee mikono mitupu na kosa langu tu. Nilitaka nimpelekee kosa na dawa yake pamoja. Eirwen alikuwa amefariki miaka mitatu kabla, shamba sasa ni la mwanawe Hefin, na nilijua wana mbwa mwekundu. Nikawasha gari nikazunguka mlima, na njia nzima nilikuwa nikicheka peke yangu kwa furaha.

Hefin alikuwa uani. Mbwa alinijia mbio, mwekundu, kola nyeupe, mkia juu, akinibwekea vizuri kabisa. Aliitwa Bet. Alikuwa na miaka mitano. Nilitamani kumkumbatia yule mbwa matopeni palepale.

"Hefin, huyu ni mjukuu wa yule niliyemleta mimi?"

"Huyuhuyu, mama mdogo. Wamebaki na upumbavu wao. Anabweka mpaka kuku wanaacha kutaga."

"Anapata joto lini?"

Akanitazama kwa mshangao. "Hapati. Tulimfunga kizazi mwaka juzi, wakati wa baridi. Madume walikuwa wanatusumbua getini."

Nilishika mlango wa gari.

"Na ndugu zake?"

"Alizaliwa pamoja na madume wawili. Wakaenda kwa watu wa mjini, nao waliwahasi mapema. Kwani nini, mama mdogo?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, akavua kofia akajikuna kichwa.

"Ungesema, mama mdogo," akasema. "Ungesema neno moja tu. Sisi tulijua ni mbwa tu."

Hicho ndicho nilichomwambia mama yake, kwamba ni mbwa tu. Nikamwomba aniazime Bet kwa siku moja.

Idwal alikuwa amekaa kwenye benchi mbele ya ghala, Nel miguuni pake na nyuzi zake tumboni. Nilipofungua mlango wa gari Bet akaruka chini, akasimama katikati ya ua. Wakatazamana wale mbwa wawili. Mtu yeyote angesema ni mama na mwana.

Idwal akanyoosha mkono. "Njoo, mama," akamwambia Bet, na Bet akaja. Akapiga magoti kwa shida, akamfungua mdomo kwa kidole gumba, akamgeuza kichwa kwenye mwanga.

"Jekundu," akasema.

"Ndiyo."

"Mama yake?"

"Jekundu."

"Na bibi yake?"

"Bibi yake ni yule uliyeniambia nimzamishe, mwaka ule wa paja."

"Na ukasema umemzamisha."

"Nilisema hivyo, Idwal. Nilikudanganya."

Alibaki magotini, mkono ukiwa bado kwenye taya la Bet. Niliona hesabu ikipita usoni pake, na nikaona matumaini yakimpanda, na hilo ndilo lililonichoma kuliko yote.

"Anazaa?" akauliza.

"Hapana. Walimfunga mwaka juzi. Sikuwaambia, hawakujua."

Nilisubiri anifokee. Nilitaka anifokee. Akanipa mkono nimwinue, akaenda kwenye geti la mlimani, akalifungua.

"Acha nimwone," akasema.

Akanyoosha mkono kuelekea juu, basi. Bet alikuwa hajawahi kukanyaga mlima ule. Aliutazama kidogo, akaondoka kwa mwendo wa wastani, mkia juu, akapotea kwenye majani mekundu ya vuli. Tukasimama. Robo saa. Nusu saa. Kisha tukamsikia kabla ya kumwona, akibweka mara mojamoja, kama anayebisha hodi. Kondoo wakaanza kushuka kwa mstari mmoja, bila haraka, bila hofu. Bet akawa nyuma yao, wima.

Kulikuwa na kondoo mmoja jike aliyeoza kwato. Tulimwona akichechemea, akiachwa, halafu akisimama kabisa. Bet alikuwa ameshawafikisha wengine karibu na geti. Akageuka, akatazama nyuma, akarudi mlima wote ule. Alipomfikia yule kilema, akakaa chini kando yake.

Nilimtazama Idwal. Machozi yalikuwa yakimtiririka mpaka kwenye kola, na wala hakuyafuta.

"Miaka hamsini nawatazama mdomoni," akasema.

Alikuwa bado akimtazama Bet.

"Kila uzao, Nesta. Watatu, wanne, watano. Wangapi kati ya wale wangemsubiri kilema?"

Kondoo waliingia zizini. Yule kilema akaingia wa mwisho na Bet ubavuni pake. Idwal akafunga geti, akaweka kamba yake juu ya nguzo, akaegemea palepale.

"Abaki na wewe," nikamwambia. "Hefin hatakataa. Abaki hata wiki."

"Mrudishe kwao. Jike hatoki..."

Alijisikia akisema hivyo. Akafunga mdomo, na lile neno hakulimaliza wakati ule wala siku nyingine yoyote. Tulikaa muda kwenye benchi na mbwa wote wawili. Nilimwomba msamaha. Akaniambia nisimwombe, kwamba mimi angalau mmoja nilimwona alivyo, nikamwacha aishi.

Nilipokuwa nikimpakia Bet garini aliniita kutoka mlangoni mwa ghala.

"Na uiondoe ile ndoo. Mimi mkono hauinuki."

Niliitungua kwenye msumari nikaiweka kiti cha mbele. Ndoo iliacha duara jeupe ukutani, mahali ambapo chokaa haikuwahi kuona moshi.

Alifariki mwezi wa pili, mafua yaliyoshuka kifuani. Kondoo wamechukuliwa na shamba lingine, na mlima wanasema utapandwa miti. Nel yuko kwangu, hatimaye amevuka ukuta. Ana miaka kumi na mmoja, analala mbele ya jiko, na asubuhi huenda hadi ukutani akabweka kuelekea Blaen-nant, akasubiri kidogo, akarudi. Ndoo iko ghalani kwangu. Sijaitumia kwa kazi yoyote, na kuitupa nimeshindwa.